Wapangaji Wawili wa Ng'ambo

Neno "mpangaji" katika Kiswahili lina watu wawili ndani yake. Wa kwanza ni yule anayekaa katika nyumba ya mwenziwe, na kila mwisho wa mwezi akamlipa kodi. Wa pili ni yule anayekaa mbele ya meza, kalamu mkononi na ramani imekunjuliwa, akaamua njia ipite wapi na nyumba isimame wapi. Lugha imewapa jina moja watu ambao, katika historia ya mji wetu wa Unguja, hawajakaa kitako pamoja ila mara chache mno.

Nimekuwa nikilifikiri neno hili kila ninapooneshwa mchoro wa jengo refu linalokusudiwa kusimamishwa katikati ya Ng'ambo. Michoro hiyo hufanana: maduka chini, ofisi juu yake, na juu kabisa nyumba za kuuzwa moja moja, kila moja na hati yake. Katika michoro hiyo jua haliunguzi, watu hutembea mikono mitupu, wala hapana hata mmoja aliyekaa barazani.

Urefu peke yake si jambo geni kwetu. Neno "ghorofa" limetoka katika Kiarabu, ambako "ghurfa" ni chumba. Sisi tukalipandisha likawa dari juu ya dari. Beit al Ajaib ilisimama tangu mwaka 1883, ikawatazama wote kutoka juu. Wala kuchanganya biashara na makaazi si uvumbuzi wa leo: wafanyabiashara wa Mji Mkongwe waliuza chini wakalala juu, na harufu ya duka ikawafuata mpaka kitandani. Linalofaa kuulizwa ni swali la zamani zaidi: ardhi ni ya nani, na aliyekuwepo anakwenda wapi? Kulijibu, hatuna budi kurudi nyuma.

Ng'ambo ilipata jina lake kwa sababu ya mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na upande wa mashariki. Mwenye kutoka mjini alivuka daraja, ndipo tukapata jina la Darajani, akawa yuko ng'ambo. Mkono huo wa bahari ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20. Maji yakaondoka, jina likabaki.

Waliojenga huko katika karne ya 19 walikuwa watumwa na walioachwa huru, mafundi, wachukuzi, wavuvi, na wageni kutoka bara na Ngazija. Walijenga kwa miti na udongo, wakaezeka makuti. Sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa ya matajiri wachache, na nyengine ilikuwa wakfu. Hivyo aliyejenga alikuwa na nyumba, lakini kiwanja kilikuwa cha mwenyewe. Kwa desturi ya pwani hili halikuwa ajabu: mnazi waweza kuwa wangu, na ardhi uliposimama ikawa yako. Mombasa mpaka leo wapo wenye nyumba wasio na kiwanja.

Kwa muda mrefu mwenye ardhi aliridhika na heshima ya kuwa na watu wake karibu. Karne ya 20 ilipoingia, heshima ikageuzwa fedha. Kodi ya kiwanja ikatozwa, kisha ikapandishwa, mpaka mwaka 1928 wenye nyumba wa Ng'ambo wakakataa kulipa. Miongoni mwao walikuwamo wanawake wengi, kwani nyumba ya Ng'ambo mara nyingi ilikuwa akiba ya mwanamke, aliyoijenga kwa jasho lake. Mgomo ukawa mkubwa hata serikali ya kikoloni ikalazimika kuiwekea mipaka kodi hiyo kwa sheria. Hao ndio wapangaji wa aina ya kwanza, na hiyo ilikuwa sauti yao.

Wapangaji wa aina ya pili nao hawakuwa mbali. Miaka mitano kabla ya mgomo, 1923, H. V. Lanchester alichapisha kitabu chake juu ya mpango wa mji wa Zanzibar. Mwaka 1958 ukaja mpango wa Henry Kendall. Mipango hiyo ilikuwa na mengi ya busara, juu ya mifereji, njia na hewa. Lakini iliitazama Ng'ambo kama ramani inavyotazamwa, kutoka juu, na kutoka juu mtu huona mapaa tu.

Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, ambayo makao yake yalikuwa Raha Leo, ndani ya Ng'ambo yenyewe. Machi mwaka huo ardhi yote ikatangazwa kuwa mali ya serikali. Mwenye kiwanja wa zamani akatoka katika hesabu. Kwa msaada wa Ujerumani Mashariki zikajengwa fleti za Kikwajuni na Kilimani, na mwaka 1968 mpangaji wa Kijerumani, Hubert Scholz, akachora mpango mpya wa mji. Rais Abeid Amani Karume alikuwa na azma kubwa zaidi: kuivunja Ng'ambo ya makuti na kusimamisha mahala pake mji wa saruji. Kuanzia mwaka 1970 yakaanza kunyanyuka majumba ya Michenzani, ambayo leo ni kumi, yamepangwa kufuata njia mbili pana zinazokatana kama msalaba. Ni marefu hata wapo wanaoyaita treni.

Nyumba ya bibi yangu mzaa mama ilikuwa miongoni mwa zilizovunjwa. Akapewa fleti ghorofa ya nne, bila ya kutoa hata senti. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka alivyokuwa akiufungua mfereji na kuufunga, akiufungua na kuufunga, kwa furaha ya kuona maji yanakuja ndani ya nyumba yake mwenyewe. Baadaye maji yalipokosa nguvu ya kupanda, sisi wajukuu ndio tuliopandisha ndoo. Kila alasiri bibi alishuka ngazi na mkeka wake kwapani, akakaa chini ya jengo na wenziwe wa mtaa wa zamani, hata magharibi. Aliulizwa kwa nini asipumzike juu kwenye upepo. Akajibu, "Nyumba nzuri, mwanangu, lakini haina pa kumwambia mtu karibu."

Nimeyabeba maneno hayo zaidi ya miaka arubaini, na sikuyaelewa sawasawa mpaka nilipoanza kusoma historia. Bibi hakuwa akiilaani Michenzani. Alikuwa anataja kitu ambacho mpangaji wa meza hakukichora kwa sababu hakukijua. Baraza haikuwa jiwe la kukalia tu: ndipo khabari zilipopatikana, madeni yaliposuluhishwa, mahari yalipozungumzwa, na beti zilipojaribiwa kabla ya kuimbwa. Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na azma ya kuigeuza Ng'ambo nzima haikukamilika. Ndiyo maana nyuma ya majumba yale mpaka leo ipo mitaa yenye baraza zake.

Na haki ni kusema pia lililokuwa jema. Wahamishwaji wa Michenzani walikusudiwa kuwa ndio wakaazi wa Michenzani. Jengo lilijengwa kwa ajili ya mtu aliyekuwepo.

Hapa ndipo ghorofa za leo zinapotofautiana na zile. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Mwaka 2010 ikatungwa sheria ya umiliki wa fleti, ambayo humwezesha mtu kumiliki sehemu yake ndani ya jengo, na ngazi, paa na ukumbi vikawa vya wote kwa ushirika. Desturi ya kale ilitenga mnazi na ardhi. Sheria hii imetenga ghorofa na ghorofa. Yaweza kumfaa mkaazi wa Ng'ambo, akapata hati asiyokuwa nayo babu yake. Yaweza vilevile kumfanya mtu wa mbali, ambaye hatalala hapa usiku mmoja, awe mwenye nyumba angani, na aliyekuwa chini yake akahamia nje ya mji. Huko Fumba, kijiji alikozaliwa Siti binti Saad mwaka 1880, mwaka 2021 ulitangazwa mpango wa mnara wa mbao wa ghorofa 28. Siti aliondoka Fumba kuja mjini kutafuta riziki. Sasa mji unamfuata kwao.

Pana jambo jengine, la matunzo. Beit al Ajaib iliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Disemba 2020, na roho zikapotea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na jengo refu lina nyufa nyingi. Kabla ya kuulizwa litakuwa na ghorofa ngapi, naliulizwe: wamiliki wake mia watakutana wapi, na nani atalipia bomba la juu likipasuka?

Si kwamba hatuna mfano mwema. Kuanzia mwaka 2013, katika kazi iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo, wataalamu wa mipango miji waliwauliza wakaazi wenyewe ni mahala gani wanapopathamini na kwa nini. Viwanja vya mpira, miti, misikiti na maskani vikaandikwa katika ramani. Kwa mara moja wapangaji wa aina mbili walikaa pamoja.

Basi sisemi jengo lisijengwe. Mji usiojengwa hufa, na vijana wetu wanahitaji pa kuishi. Nasema tu kwamba mchoro wowote unaoletwa Ng'ambo naupelekwe kwanza barazani, alasiri, wakati watu wapo. Uwekwe juu ya mkeka. Aulizwe mwenye kulipa kodi, na muuza kahawa aulizwe, nyumba yake iko wapi katika karatasi ile. Ikiwa haipo, kalamu bado ipo na wino haujakauka.