Pete ya Ndoa: Almasi ya Mgodi au Almasi ya Maabara?



Mwezi uliopita vijana wawili wa parokia yetu hapa Likasi walikuja kwa mafundisho ya ndoa, na katikati ya somo wakanitolea swali ambalo sikufundishwa katika shule ya teolojia. Dada ya kijana anaishi Ubelgiji, naye ameahidi kuwatumia pete ya uchumba yenye almasi. Dukani alionyeshwa mawe mawili yanayofanana kabisa. Moja lilitoka ardhini, lingine lilitengenezwa katika maabara, na bei ya hili la pili haikufika hata sehemu ya tano ya bei ya lile la kwanza. Achukue lipi? Baba yao mdogo, anayechimba almasi kule Mbuji-Mayi, aliposikia habari hiyo alipiga simu kwa hasira: hayo mawe ya maabara ndiyo yanayomaliza chakula cha watoto wangu. Na bibi-arusi alikuwa na woga wake mwenyewe: "Mchungaji, kama jiwe halikutoka ardhini, si nitakuwa nimevaa uongo mbele ya kanisa?"

Niliwaomba wanipe majuma mawili. Haya ndiyo niliyowaambia waliporudi, na nimeyaandika kwa sababu wachungaji wengine wataulizwa vilevile.

Nianze na woga wa bibi-arusi. Almasi ni makaa tu, yaani kaboni ileile iliyomo katika makala tunayopikia, ila imebanwa kwa nguvu kubwa mpaka chembe zake zikashikana kuliko kitu kingine chochote tunachokichimba. Ile ya ardhini ilijengeka katika kina cha kilomita 150 na zaidi, miaka bilioni moja mpaka tatu iliyopita, kisha ikarushwa juu na volkano za kale. Ile ya maabara ni kaboni hiyohiyo, iliyopangika vilevile, yenye ugumu uleule. Si kioo, wala si yale mawe meupe ya bei rahisi yanayouzwa sokoni kwa jina la almasi. Mwaka wa 2018 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara iliondoa neno "asili" katika maelezo yake ya almasi ni nini, kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo anayevaa jiwe la maabara havai uongo. Uongo unaingia pale muuzaji anaponyamaza, akauza la maabara kwa bei ya la mgodi.

Hutengenezwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuiga tumbo la dunia: kaboni huwekwa ndani ya mashine inayobana kwa nguvu ya ajabu, kwa joto linalopita digrii 1,300, pamoja na chuma kilichoyeyuka kinachosaidia kaboni kugeuka. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilifaulu kwa njia hiyo mwezi wa Desemba 1954. Njia ya pili ni kuweka kipande chembamba cha almasi ndani ya chumba kilichofungwa, kuingiza gesi za metani na hidrojeni, na kuzipasha moto mpaka kaboni ianguke juu ya kile kipande, tabaka juu ya tabaka, kwa muda wa majuma kadhaa. Siku hizi kazi hii inafanyika zaidi China na India.

Hapa sisi wa Likasi tusipite haraka. Ile mashine ya kubana ina vichwa vya chuma kigumu sana kinachotengenezwa kwa tungsteni iliyogandishwa kwa kobalti. Na katika ule mchanganyiko wa metali unaoyeyushwa pamoja na kaboni, mara nyingi kobalti imo pia. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu, sehemu kubwa Lualaba na hapa kwetu Haut-Katanga. Kila mtu aliyekulia karibu na viwanda vya Shituru anajua jambo hilo bila kuambiwa. Basi anayesema kwamba jiwe la maabara halina mgodi nyuma yake hajaja kwetu kutazama. Halina shimo la almasi, hilo ni kweli, lakini lina mashimo mengine. Na umeme wake ni mwingi. China na India huzalisha sehemu kubwa ya umeme wao kwa kuchoma makaa ya mawe. Sisi tunaolala gizani huku nyaya za Mwadingusha na Koni zikipita juu ya mapaa yetu kwenda migodini tunajua kwamba umeme nao una mwenye kunyimwa.

Sasa neno la baba mdogo. Nililisikiliza kwa moyo mzito, kwa sababu mbili.

Kwanza, Likasi ina deni kwa Mbuji-Mayi. Katika miaka ya 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika mji huu. Maelfu walikaa kwenye stesheni ya reli pamoja na watoto na vyombo vyao, wakingoja treni, na wengi walikufa kwa magonjwa kabla ya treni kufika. Nilikuwa mtoto, nakumbuka viti vilivyobaki vitupu shuleni. Wengi walioshuka Kasai hawakuwa na shamba wala kazi, na kazi iliyokuwa wazi kwa kila mtu mwenye sepeto ilikuwa almasi. Mwaka wa 1982 serikali ya Mobutu ilikuwa imeruhusu raia wachimbe kwa mikono, jambo ambalo hapo kabla lilikuwa haki ya kampuni. Familia ya kijana huyu ni moja ya zile zilizoondoka, na baadaye baadhi yao wakarudi. Baba mdogo hakurudi.

Pili, historia inampa haki kwa upande mmoja. Almasi za Kasai zilianza kuonekana mwaka wa 1907 upande wa Tshikapa, kisha zikapatikana kwa wingi Bakwanga, ambayo leo ni Mbuji-Mayi. Nyingi kati ya hizo si za pete. Ni ndogo, zina giza, na zilinunuliwa kwa kusagia na kukatia vyuma. Wakati wa vita kuu ya pili, viwanda vya Uingereza na Marekani vilitegemea sana almasi za Kongo. Walipojifunza kuzitengeneza wenyewe, soko hilo likaondoka polepole, na leo karibu almasi zote zinazotumika viwandani hutoka maabara. Kwa hiyo Mbuji-Mayi imekwisha kupigwa na maabara mara moja. Sasa pigo la pili linashuka juu ya mawe ya pete.

Lakini hapa nilimwambia kijana jambo lililomshangaza. Kununua jiwe la mgodi katika duka la Ubelgiji hakumlishi baba yako mdogo. Mwaka wa 2022 Kongo ilitoa karibu karati milioni 10 za almasi, na karati moja ni gramu 0.2. Bei ya wastani haikufika dola 10 kwa karati. Mwaka huohuo Botswana ilipata zaidi ya dola 150 kwa karati moja. Sababu moja ni ubora wa mawe yenyewe. Ila kuna nyingine: mchimbaji wetu humuuzia yule aliyemkopesha chakula na vifaa, kwa bei anayoipanga mkopeshaji, huyo humuuzia mwenye nyumba ya kununulia, kutoka hapo jiwe huenda Dubai au Antwerp, huchanganywa na mawe ya nchi nyingine, hukatwa Surat, na likifika kwenye kioo cha duka hakuna anayeweza kusema lilitoka shimo gani. Dola elfu mbili au tatu utakazoongeza ili uwe na jiwe la mgodi hazina barabara ya kurudi kwake.

Wengine watasema: kuna cheti cha Kimberley. Kipo, na kilianza kazi mwaka wa 2003 kwa sababu nzuri. Wasomaji wetu wa Kisangani hawahitaji kufundishwa. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita katikati ya mji wao, raia kwa mamia wakafa, na almasi ilikuwa moja ya mambo yaliyogombewa. Mwezi wa Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, ambazo milioni 60 kati yake ni kwa ajili ya mali za asili zilizoporwa. Basi cheti kiliwekwa ili almasi isilishe tena bunduki. Tatizo ni namna kilivyoandikwa. Kinakataza almasi ghafi zinazolipia waasi wanaopigana na serikali. Hakisemi kitu juu ya mchimbaji aliyepigwa na walinzi, juu ya mtoto aliyeacha shule, au juu ya askari wa serikali wanaoua. Mwaka wa 2008, huko Marange nchini Zimbabwe, jeshi la serikali lenyewe liliwaua wachimbaji, na maelezo yale ya "almasi ya vita" hayakuweza kulishika jambo hilo. Tena cheti husafiri na mawe ghafi tu. Jiwe likishakatwa, karatasi hiyo inaishia hapo. Muuzaji akikuonyesha pete na kutaja Kimberley, anakupa neno la heshima. Hakuna cheti cha namna hiyo cha pete yenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa huu. Kama mnataka almasi na mfuko ni mdogo, chukueni ya maabara bila aibu. Kama mnataka kumsaidia baba mdogo, tofauti ya bei mtumieni yeye mwenyewe kwa simu, naye alipe masomo. Na kama hamna pesa ya yote mawili, pete isiyo na jiwe inafunga ndoa ileile. Mimi na mke wangu tulifunga kwa pete za fedha, na ni miaka kumi na saba sasa.

Niliongeza mambo machache ya sokoni, kwa sababu upendo peke yake haujui kusoma karatasi. Jiwe la maabara msilinunue kama akiba. Bei zake zinaanguka kila mwaka. Kampuni ya De Beers, mfalme wa almasi za mgodi, ilianza kuuza mawe ya maabara mwaka wa 2018 kwa dola 800 karati moja, na mwaka wa 2025 ilitangaza kwamba inaifunga biashara hiyo. La mgodi nalo, ukilirudisha dukani kesho, hutapata ulichotoa. Kile kifaa kidogo ambacho wauzaji hugusisha jiwe ili kuona kama ni almasi kinapima jinsi joto linavyopita; kitakataa kioo, lakini hakiwezi kutofautisha maabara na mgodi, kwa kuwa vyote viwili ni almasi. Tofauti huonekana kwa mashine za wataalamu tu. Ndiyo maana jiwe la maana huja na ripoti ya maabara ya upimaji kama GIA au IGI, yenye namba ambayo mara nyingi imechorwa pia kwenye ukingo wa jiwe, ndogo sana hata isionekane kwa macho. Linganisheni namba hizo. Na yule kijana wa mtaani anayefungua karatasi na kuwaonyesha "almasi ghafi ya Kasai" kwa bei ya rafiki, mkimbieni: kununua madini ghafi bila kadi ni kosa katika Kode ya madini ya mwaka wa 2002, iliyorekebishwa mwaka wa 2018, na mara nyingi kilichomo ni kioo.

Bibi-arusi aliuliza kama Biblia inaitaja almasi. Tafsiri yetu ya Kiswahili inaiweka katika kifuko cha kifuani cha Haruni, Kutoka 28, lakini wataalamu wengi wa Kiebrania wana shaka, kwa sababu watu wa zamani hawakuwa na chombo cha kuchora majina juu ya jiwe gumu namna hiyo. Mimi ningependa zaidi wasome Ayubu 28. Ni sura ya wachimbaji: watu wanaoning'inia kwa kamba mahali ambapo mguu haukanyagi, wakitafuta mawe gizani. Nimeihubiri Kambove na hapa mjini, na kila mara kuna mtu anayenijia baada ya ibada kusema kwamba mwandishi yule alishuka shimoni.

Desturi yenyewe ya almasi ya uchumba si ya kale. Ilisambaa sana baada ya mwaka wa 1938, De Beers walipolipa kampuni ya matangazo huko Marekani iwafundishe vijana kwamba bila jiwe hakuna mapenzi. Babu zetu wa Katanga walitoa misalaba ya shaba katika mahari, na hakuna aliyesema ndoa zao zilikuwa pungufu. Mama mmoja wa kwaya aliniuliza kwa nini basi tusitumie malakiti yetu, jiwe la kijani la hapahapa. Kwa mkufu ni zuri sana. Kwa pete ya kila siku litachubuka upesi, maana ni laini: wataalamu huupa ugumu wake alama 4 hivi, na almasi alama 10. Tena anayelikata afunge pua na mdomo, vumbi lake ni sumu.

Juzi vijana walirudi na jibu. Dada atatuma jiwe la maabara, dogo, pamoja na ripoti yake. Baba mdogo alipokea pesa ya masomo ya mtoto wake wa pili, akashukuru, na akasema bado hakubaliani. Atakuja kwenye arusi mwezi wa Agosti, barabara ikiruhusu. Ameomba apewe ile pete mkononi kabla ya ibada, alitazame jiwe kwa macho yake mwenyewe, na nimeshawaambia wazee wa kanisa wamtengee kiti cha mbele.