Mzigo wa Mpiga Kinanda

Neno kinanda limesafiri mbali. Hapo kale katika pwani ya Afrika Mashariki lilitumika aghalabu kwa ala ya nyuzi, ya jamaa moja na udi na gambusi. Zilipoingia ala za kigeni, neno hilo hilo likapewa ogani ya kanisani, piano, akodiani, na hata mashine ya kupigia santuri. Leo mtu akitaja mpiga kinanda, msikilizaji huwaza mara moja ala ya umeme yenye vibao vyeupe na vyeusi, iliyowekwa juu ya miguu ya chuma iliyopishana. Katika makala haya nakusudia kueleza habari za huyu mpiga kinanda wa bendi: jinsi alivyokuwa akichagua ala yake tangu umeme ulipoingia katika muziki, na jinsi uchaguzi huo ulivyoamua nani apate nafasi jukwaani na nani aikose.

Wahenga wamesema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mchezaji aliyemo ukumbini husikia sauti tu. Hajui ni mikono mingapi iliyoipandisha ala ile ngazini. Lakini kwa mpigaji anayezunguka mji hata mji kutafuta riziki, swali la kwanza haliwi uzuri wa sauti. Swali la kwanza ni hili: ala hii itafika?

Mpiga tarumbeta huitia ala yake mkobani, na mpiga gitaa huitundika begani. Mpiga piano hakujaliwa hivyo. Piano kubwa ya jukwaani hukaribia uzito wa kilo 500, na hata ile ndogo ya kusimama yahitaji watu kadhaa kuisogeza. Kwa sababu hiyo mpiga piano alikwenda mikono mitupu, akapiga ile aliyoikuta. Pengine aliikuta nzima. Pengine nyuzi zimelegea, vibao vingine havilii, na sauti yake haiafikiani na tarumbeta za wenzake. Ray Charles, mwimbaji na mpiga piano mashuhuri wa Marekani, alichoshwa na piano mbovu za kumbini, akaanza kusafiri na piano yake ya umeme iliyotengenezwa na kampuni ya Wurlitzer. Ndani ya ala hiyo nyundo ndogo hugonga vipande vyembamba vya chuma badala ya nyuzi, na mlio wake hukuzwa kwa umeme. Wimbo wake wa mwaka 1959 uitwao "What'd I Say" uliufanya mlio huo ujulikane duniani. Tangu hapo wengi waliitamani sauti ile kwa uzuri wake, lakini yeye aliichukua ala ile kwanza kwa sababu ilikuwa yake, nayo ilifika naye.

Tukirudi nyuma kidogo, twamkuta Laurens Hammond, fundi wa Marekani aliyekuwa akitengeneza saa za umeme. Mwaka 1935 alitoa ogani isiyo na mabomba wala mivukuto. Ndani yake mlikuwa na magurudumu madogo ya chuma 91, yenye kingo za mawimbi, yakizunguka mbele ya sumaku. Kila gurudumu lilizaa sauti yake. Makanisa yasiyoweza kugharimia ogani ya mabomba yaliipokea kwa furaha. Donald Leslie naye akabuni kipaza sauti chenye tarumbeta izungukayo ndani ya kabati, ili sauti iende na kurudi kama upepo. Kampuni ya Hammond ilikipinga kifaa hicho kwa miaka mingi, ila wapigaji walikipenda, nao ndio waliokuwa na haki ya mwisho.

Ogani ya aina ya B-3, iliyotoka katikati ya miaka ya 1950, ndiyo iliyopendwa kupita zote. Ina safu mbili za vibao, kila moja vibao 61, na kanyagio 25 za miguu. Pamoja na kanyagio hizo na benchi lake, uzito wake hufikia karibu kilo 190. Leslie peke yake huongeza kilo 60 na zaidi. Ebu msomaji afikirie mtu anayepiga leo mji huu na kesho mji mwingine, katika kilabu kilicho ghorofani kisicho na lifti. Wako wapigaji walionunua magari yaliyoundwa kwa kubebea maiti, maana ndiyo yaliyokuwa na urefu na sakafu ya kuufaa mzigo huo.

Kwa nini basi waliubeba? Jibu twalipata kwa Jimmy Smith. Mpiga piano huyu, ambaye alifanya kazi mjini Philadelphia, alijifungia na ogani katika ghala moja akajifunza, kisha mwaka 1956 akatoa santuri zake za kwanza kwa kampuni ya Blue Note. Mkono wake wa kulia ulipiga lahani. Mkono wa kushoto, ukisaidiwa na mguu, ulipiga besi. Pakabaki kuwatafuta mpiga gitaa na mpiga ngoma tu. Bendi ya watu watatu ikajaza ukumbi mzima. Mwenye kilabu alilipa watu watatu, na ujira ukagawanywa mafungu matatu badala ya manne au matano. Mpiga kinanda alibeba kilo 250 ili asigawane ujira na mpiga besi. Hapo ndipo tuonapo kwa mara ya kwanza kwamba uzito wa ala na idadi ya watu katika bendi ni mizani moja: upande mmoja ukizidi, wa pili hupungua.

Ogani hiyo ilikuwa na shida nyingine ambayo wasomaji wa Afrika Mashariki wataielewa vema. Mota yake hufuata mapigo ya umeme wenyewe. Umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa nukta. Umeme wa Afrika Mashariki, kama ule wa Ulaya, hupiga mara 50. Ogani iliyoundwa kwa ajili ya Marekani ikiunganishwa na umeme wetu bila ya kufanyiwa marekebisho, magurudumu yake huzunguka polepole, na sauti yote hushuka kwa nusutoni tatu na zaidi kidogo. Hali kadhalika jenereta ikiyumba, muziki nao huyumba. Kwa hiyo mpigaji wa ala hiyo alipaswa kuuliza habari za ngazi na milango, na habari za umeme pia.

Mwaka 1962 nchini Uingereza ilitoka ogani ndogo iitwayo Vox Continental. Haikuwa na magurudumu. Sauti yake ilizalishwa na transista, vibao vyake vya chini vilikuwa vyeusi na vya juu vyeupe, na miguu yake iliweza kufunguliwa na kupakiwa pamoja na gitaa za wenzake. Sauti yake ilikuwa nyembamba ikilinganishwa na ile ya Hammond, lakini vijana waliinunua. Alan Price wa kundi la The Animals aliipiga mwaka 1964. Huko Los Angeles, Ray Manzarek wa kundi la The Doors, lililoanzishwa mwaka 1965, aliipiga kwa mkono wa kulia, huku mkono wa kushoto ukipiga kinanda kidogo cha besi chenye vibao 32. Kundi hilo halikuwa na mpiga besi jukwaani. La kutia maanani ni kwamba walipoingia studio, katika santuri zao nyingi aliajiriwa mpiga gitaa la besi. Jukwaani, penye kelele na msisimko, mkono wa kushoto ulitosha. Mbele ya mashine ya kunasa sauti, upungufu wake ulisikika.

Yafaa tusidhani kwamba kila mara mpigaji alichagua wepesi. Harold Rhodes, mwalimu wa piano, wakati wa Vita Kuu ya Pili aliwaundia askari majeruhi piano ndogo za kupigwa kitandani, akitumia mabomba ya alumini ya ndege. Kutokana na fikira hiyo ilizaliwa piano ya umeme ya Fender Rhodes, iliyouzwa kuanzia mwaka 1965. Haikuwa nyepesi hata kidogo: ile ya vibao 73 ilihitaji watu wawili. Hata hivyo ilienea katika bendi za dunia nzima, kwa kuwa ilikuwa na kitu ambacho ogani ndogo haikuwa nacho: kibao kikibonyezwa polepole hulia polepole, kikigongwa kwa nguvu hunguruma. Mpigaji aliyezoea piano hakutaka kupoteza ufasaha wa vidole vyake. Mizani ya riziki ina nguvu, lakini sikio nalo lina neno lake.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1983. Kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa kinanda kiitwacho DX7, kilichotumia njia ya kuzalisha sauti iliyogunduliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967. Kilikuwa na vibao 61, kiliweza kutoa sauti 16 kwa pamoja, na uzito wake ulikuwa kilo 14 tu. Bei yake Marekani ilikuwa chini kidogo ya dola 2,000. Ndani yake mlikuwa na mfano wa piano ya Rhodes, wa ogani, wa kengele, wa besi na wa ala nyingine. Mwaka huo huo watengenezaji wa vinanda walianza kutumia mapatano yaitwayo MIDI, yaliyowezesha kinanda cha kampuni moja kukiamrisha kinanda cha kampuni nyingine. Sasa mtu mmoja aliweza kuketi mahali pamoja na kuamuru sauti za kundi zima. Mzigo wa kilo 250 ukawa mzigo wa kwapani.

Mageuzi hayo yalifika pwani ya Afrika Mashariki, nayo yaligusa taarabu. Vikundi vikubwa vya Unguja, kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club cha mwaka 1958, vilijengwa juu ya umoja wa wengi: fidla, udi, ganuni, nai, akodiani, besi kubwa la kusimama, dumbaki na waimbaji. Akodiani ndiyo iliyokuwa kinanda cha vikundi hivyo. Ilipakatwa, ilisafiri popote, wala haikudai umeme. Lakini kuwapeleka watu ishirini kwenye arusi ng'ambo ya bahari, kuwalisha na kuwalipa, ni jambo zito. Katika miaka ya 1990 taarabu ya kisasa, iliyopewa jina la rusha roho, ilipamba moto Unguja na Dar es Salaam kwa vikundi kama East African Melody. Kinanda cha umeme kikachukua kazi ya fidla, ya ganuni na ya akodiani, pengine hata ya ngoma, pamoja na gitaa la umeme na gitaa la besi. Wasikilizaji waliokuwa wakiketi kwa utulivu wakainuka kucheza. Taarabu ikapata wapenzi wapya, na vijana wengi wakapata kazi.

Hata hivyo hasara ilikuwapo. Fidla na udi huweza kupita katikati ya sauti mbili, mahali ambapo vibao vya kinanda havifiki, na hapo ndipo ulipokuwa uhai wa maqamu za Kiarabu. Kujifunza ganuni huchukua miaka, na kijana hawezi kutoa miaka yake kwa ala ambayo haitaajiriwa arusini. Ndiyo maana kazi ya chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 2002, imekuwa na thamani kubwa: kimefundisha ala hizo ambazo soko peke yake lingeziacha zife.

Basi tumhukumu vipi mpiga kinanda? Mimi naona si haki kumlaumu kwa kuchagua wepesi. Mgongo ni wake, nauli ni yake, na mwenye arusi hulipa alicholipa. Jimmy Smith hakufanya dhambi kuuzoeza mkono wake wa kushoto. Alizaa sanaa mpya iliyodai ustadi mkubwa kuliko ule wa kwanza. Tofauti iko hapa: yeye aliichukua kazi ya mpiga besi akaifanya kwa jasho lake mwenyewe, kila sauti kwa kidole. Kibonyezo kinachoanzisha besi na ngoma zilizokwisha pangwa kiwandani hakimdai mpigaji jasho hilo, wala hakimwachii mwenzake nafasi. Kinanda huigiza sauti ya fidla. Hakiigizi yule mpiga fidla aliyemsikiliza mwimbaji akavuta pumzi, naye akamngoja.

Kwa hiyo mwenye bendi anapopiga hesabu ya arusi, ni vema aweke katika safu moja kilo alizozipunguza, na katika safu ya pili majina ya watu aliowapunguza. Safu ya kwanza daima itampendeza. Lakini ni ile ya pili itakayomwambia kama, baada ya miaka kumi, atapata mtu wa kumfundisha mwanawe ganuni.