Bukoba na Muleba baada ya uchaguzi wa 2015
Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 25, 2015 uliiacha Kagera na sura mbili. Bukoba Mjini, Wilfred Lwakatare wa CHADEMA, aliyewahi kuwa mbunge wa hapo kwa tiketi ya CUF, alimng'oa Khamis Kagasheki wa CCM. Muleba haikutikisika: Anna Tibaijuka alibaki na Muleba Kusini na Charles Mwijage na Kaskazini, wote wa CCM.

Kitaifa, John Magufuli alitangazwa mshindi kwa asilimia 58 dhidi ya karibu 40 za Edward Lowassa wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, aliyeyakataa matokeo. Kukataa kuliishia hapo, maana Katiba hairuhusu mahakama kuchunguza matokeo ya urais yakishatangazwa. Upinzani ukabaki na bunge, halmashauri na mikutano ya hadhara.

Mikutano nayo ilizuiwa 2016. CHADEMA ilijibu kwa UKUTA, maandamano ya Septemba 1, kisha ikayaahirisha saa chache kabla. Siku tisa baadaye tetemeko la ardhi lilibomoa nyumba Bukoba, na mjadala wa mtaani ukahamia kwenye misaada.

Mwaka 2020 CCM ilirudisha Bukoba Mjini kupitia Stephen Byabato. Zuio la mikutano liliondolewa Januari 2023.