Wagalla: Kati ya Ushahidi na Tawasifu

Mtahiniwa akiulizwa tawasifu ni nini, hujibu upesi kwamba ni maelezo ya mtu kuhusu maisha yake mwenyewe. Kisha huandika alizaliwa lini, alisomea wapi na ana vyeti gani. Alama atapata. Lakini wewe mwalimu unayefundisha Garissa, Wajir au Mandera unajua kwamba yako maisha yasiyoingia katika mpangilio huo.

Chukua Wagalla. Tarehe 10 Februari 1984 vikosi vya usalama vilianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia wilayani Wajir, kwa maelezo kwamba wanapokonywa silaha. Walipelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, wakavuliwa nguo na kulazwa juani siku kadhaa bila maji wala chakula. Wengi waliuawa. Serikali ilitaja watu 57. Wenyeji walitaja hadi 5,000. Tazama, msomaji, umbali ulio kati ya tarakimu hizo. Humo mna watu ambao kifo chao hakikuandikwa popote.

Kuandika kungewezekanaje? Kaskazini Mashariki iliishi chini ya sheria za hali ya hatari hadi 1991. Tena manusura walisimulia kwa Kisomali, ilhali shule zetu zilifundisha kuandika kwa Kiswahili na Kiingereza. Ilipita miaka 23 kabla ya S. Abdi Sheikh kuchapisha kitabu chake kuhusu mauaji hayo, Blood on the Runway (2007). Mwaka 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikafika Garissa na Wajir kuwasikiliza wananchi.

Hapa ndipo mhakiki anapaswa kutofautisha tanzu mbili. Shahidi mbele ya tume huulizwa: nani, lini, wangapi? Maswali hayo ni ya lazima, maana haki haipatikani bila hayo. Hata hivyo, msimulizi hapo hujibu. Hachagui pa kuanzia. Mwandishi wa tawasifu huchagua. Anaweza kuanza na kiu, au na viatu vya baba vilivyobaki mlangoni, na tarehe ikaja baadaye. Shaaban Robert alipoandika Maisha Yangu hakuona haya kuuingiza msiba wa mkewe Amina, kwa hiyo maombolezo si mgeni katika utanzu huu.

Je, kuandika huponya? Mwaka 1986 watafiti wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, waliwaomba wanafunzi wa chuo waandike dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Walioandika tukio la uchungu pamoja na hisia zao walihuzunika zaidi papo hapo, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwenye zahanati ya chuo mara chache zaidi kuliko walioandika mambo ya kawaida. Walioeleza tukio tupu, bila hisia, hawakufaidika hivyo. Jaribio hilo lilikuwa dogo, tusilifanye dawa ya kila kidonda. Kwa manusura wa Wagalla, ambao hawakutendewa haki, sidhani kalamu peke yake inatosha.

Suala hili linatugusa darasani. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi waliokuwa wametoka shule kama zetu. Leo ukitoa insha ya "Siku Nisiyoisahau", hujui ni nani mbele yako aliyepoteza kaka au dada. Basi mpe na mada nyingine ya kuchagua. Akiichagua hiyo, mwache asiisome mbele ya wenzake asipotaka. Na kalamu nyekundu? Wengi wetu tumewahi kupigia mstari kosa la upatanisho wa kisarufi katika aya inayosimulia kifo cha mzazi, tukatia alama, tukafungua daftari lililofuata. Kosa lisahihishwe, ndiyo, ila siku nyingine. Siku ya kwanza andika chini ya insha sentensi moja tu, inayoonyesha kwamba umeisoma.