Hesabu ya Mbung'o Si Hesabu ya Kiwavi

Unguja ilipotangazwa mwaka 1997 kuwa haina tena mbung'o, sifa nyingi zilikwenda kwa mionzi. Kuanzia 1994, madume waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi ya gama walimwagwa kisiwani kwa ndege, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Jike wa porini aliyepandwa na dume tasa hakuzaa. Mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996. Yote hayo ni kweli, lakini masimulizi hayo yanaficha kiini cha ushindi. Naamini kilichoshinda Unguja ni kuijua idadi ya mdudu: anazaa kiasi gani, anakufa lini, anatoka wapi. Tusipoyajua haya tutaendelea kuchagua silaha kwa mazoea, na mkulima ndiye atakayelipa.

Mbung'o hatagi mayai. Jike humlea buu mmoja tumboni, akamlisha kwa maziwa ya tezi maalumu, na kumzaa takribani kila baada ya siku 9 au 10. Buu hujifukia udongoni, huwa pupa, na mbung'o kamili hutoka baada ya mwezi hivi. Mdudu mwenye uzazi wa polepole namna hii hawezi kufidia pengo haraka. Wanaikolojia wamekokotoa kwamba kuwaondoa takribani asilimia 4 ya majike kila siku, juu ya wanaokufa wenyewe, kunatosha kuwaporomosha hadi watoweke, mradi wageni wasiingie. Unguja bahari ilizuia wageni.

Tena madume tasa hawakuanza kazi peke yao. Kwanza ng'ombe walimiminiwa dawa mgongoni, na vitambaa vyenye dawa vikatundikwa vichakani, hadi mbung'o wakapungua sana. Mpangilio huo ndio uliozipa nguvu mbinu hizi mbili, dawa kwanza na madume tasa baadaye. Dawa huua sehemu ileile ya wadudu, wawe wengi au wachache. Madume tasa hufanya kinyume: kadiri wa porini wanavyopungua, ndivyo kila jike anavyozidi kukutana na dume asiyezalisha. Edward Knipling wa Marekani alilieleza jambo hili kwa hesabu nyepesi, na mbinu hiyo ilitumika dhidi ya nzi wa vidonda vya mifugo kisiwani Curaçao mwaka 1954.

Sasa tumtazame kiwavijeshi vamizi, aliyeripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016 na kufika kwetu Afrika Mashariki mwaka uliofuata. Nondo jike hutaga mayai 1,000 na zaidi. Tuchukue 1,000 kamili, nusu yao majike. Ili idadi isipande wala kushuka, wanapaswa kupona wawili tu, jike na dume. 998 lazima wafe kabla ya kuzaa. Wakipona wanne badala ya wawili, idadi inaongezeka maradufu kwa kizazi kimoja, na kwenye joto la kutosha kizazi hakizidi sana mwezi.

Mkulima hawaui hao 998 kwa bomba la dawa. Wengi wao huuawa na mvua kubwa, magonjwa, sisimizi, buibui, na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai na viwavi, akiwemo Telenomus remus ambaye sasa yuko katika nchi kadhaa za Afrika. Ndiyo maana dawa inayoua kila kitu shambani, ikipulizwa wakati viwavi wakubwa wameshajificha ndani ya moyo wa mhindi, inaweza kuleta hasara mara mbili: viwavi wanabaki salama, maadui wao wanakufa. Na nondo huyu huruka mbali usiku. Shamba lililosafishwa leo hupata wageni wiki ijayo. Hapa hakuna bahari.

Kwa mbung'o, basi, pigo linalofaa humlenga jike mzima. Kwa kiwavijeshi linalenga yai na kiwavi aliyetoka kuanguliwa, na nusu ya kazi ni kuwalinda wanaomla. Kwa hiyo naona vibaya mgawo wa viuatilifu unapotangulia takwimu. Afisa ugani anayepewa madumu ya dawa bila mitego ya kunasa nondo, bila utaratibu wa kukagua mimea kadhaa kila wiki na kuandika mayai yaliyoonekana, na mangapi yamegeuka meusi kwa sababu ya nyigu, amepewa nusu ya kazi, tena nusu iliyo ghali zaidi. Daftari hilo likijazwa misimu mitatu mfululizo katika kata moja, litaonyesha wiki ambayo kunyunyiza kunalipa, na wiki nyingi zaidi ambazo bomba linapaswa kubaki ghalani.