Majina Chini ya Waraka: Madai ya Jimbo la Ziwa Enzi ya Udhamini

Kutoka ufukwe wa Butimba, hapa Mwanza, ng'ambo ya ghuba upande wa magharibi, kuna Sengerema, ambayo miaka ya 1950 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Geita. Maandamano yaliyotoka huko mwaka 1958 yanakumbukwa na wengi. Kazi ya kalamu iliyoyatangulia imesahaulika, nami naona ilistahili heshima ileile.

Mlango ulifunguka mwaka 1946, Tanganyika ilipowekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Ibara ya 87 ya Mkataba wa umoja huo iliruhusu kupokea maombi ya wenyeji na kutuma wajumbe kukagua. Wajumbe walifika mara ya kwanza mwaka 1948, kisha kila baada ya miaka mitatu. Waraka uliweza kutumwa kwa posta au kukabidhiwa mjumbe mkononi. Ukisajiliwa, ulipata namba inayoanza na T/PET.2, alama ya Tanganyika, na Uingereza ikatakiwa kuutolea maelezo. Shauri ambalo bwana shauri angelizima ofisini kwake sasa lilisomwa New York.

Wameru ndio walioionyesha nchi nguvu ya njia hiyo. Novemba 1951 walianza kuondolewa kwa nguvu Ngare Nanyuki, watu wapatao 3,000, nyumba zao zikachomwa, ili ardhi wapewe walowezi. Wakachanga fedha, na mwaka 1952 mjumbe wao, Kirilo Japhet, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa. Azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili ya kura. Hata hivyo, Julai 1954 Kirilo alikuwa miongoni mwa waasisi 17 wa TANU, pamoja na Saadani Abdu Kandoro, mpiganaji wa TAA, chama kilichoitangulia TANU, huku Mwanza.

Usukumani manung'uniko hayakuwa haba: kulazimishwa kupunguza ng'ombe, amri za kilimo, kodi ya mifugo, na mizani ya wanunuzi wa pamba, ambayo Paul Bomani na wenzake waliikabili kwa kujenga ushirika. Lakini kutia saini waraka wa madai hayo kulikuwa na hatari yake. Amri hizo zilisimamiwa na mtemi, aliyelipwa na serikali. Mkulima asiyejua kuandika alipobonyeza dole gumba kwenye wino na kulikandamiza kando ya jina lake, mtemi angeweza kujua kesho yake ni nani aliyemshtaki. Walioweka majina yao katika mazingira hayo walikuwa mashujaa.

TANU ilipigwa marufuku Usukumani hadi mwaka 1958. Mwaka huo serikali ikawaletea Wageita baraza la mchanganyiko wa rangi, nao wakalikataa. Maelfu wakaenda Mwanza kumwona mkuu wa jimbo, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Baraza lile halikudumu, na kabla mwaka haujaisha TANU ilikuwa imeruhusiwa kufungua matawi.