Meza ya gemu: vitufe na jostiki vinaungwaje?

Katika vibanda vya gemu vya Mbagala, Tandika au Tandale, kinachokufa mapema ni pedi. Kitufe kimoja kikigoma, pedi nzima inawekwa pembeni na mteja anaondoka na hela yake. Njia moja ya kupunguza hasara hiyo ni kutengeneza meza yenye vitufe vikubwa na jostiki, ambayo kila kipande hubadilishwa peke yake. Leo tunaeleza nyaya zake zinavyoungwa.

Kabla ya kununua

Utahitaji vitufe, jostiki, bodi ya USB, nyaya na plaiwudi. Muulize muuzaji bodi inakubali mashine gani. Nyingi za bei nafuu hufanya kazi na kompyuta, lakini PlayStation 4 huzikataa. Meza hii inafaa gemu za kupigana. Kwa gemu za mpira, pedi bado ni bora. Tundu la kitufe huwa milimita 28 au 30, kwa hiyo pima kwanza ndipo utoboe.

Miguu ya kitufe

Chini ya kitufe kuna swichi ndogo, mara nyingi yenye miguu mitatu: COM, NO na NC. Tumia COM na NO. Ukiunga NC, gemu itadhani kitufe kimebonyezwa muda wote. Kikiwa na miguu miwili tu, waya wowote unakaa popote.

Waya wa pamoja

COM za vitufe vyote huunganishwa kwa waya mmoja, unaotoka kitufe hadi kitufe na kuishia kwenye GND ya bodi. NO ya kila kitufe ina waya wake hadi kwenye tundu lake. Usiunge kamwe GND na tundu la 5V au VCC. Unaweza kuunguza bodi.

Ukielewa hapo, unajua pia kutafuta hitilafu. Kitufe kimoja kikigoma, kagua swichi na waya wake. Vikigoma kadhaa kwa pamoja, waya wa pamoja umekatika mahali.

Jostiki

Ina swichi nne. Kijiti kinaegemea katikati, hivyo ukikisukuma juu, sehemu yake ya chini hubonyeza swichi ya upande wa pili. Kwa hiyo waya wa "juu" unaungwa kwenye swichi ya chini, na wa "kushoto" kwenye ya kulia. Wengi hukosea hapa, na mchezaji hurudi nyuma anapotaka kwenda mbele.

Pima, kisha washa

Kabla ya kuchomeka USB, weka mita kwenye alama ya mlio, gusa COM na NO, kisha bonyeza. Ilie unapobonyeza, inyamaze unapoachia.

Nyaya za meza hubeba volti 5 tu. Hatari iko kwenye runinga na soketi, zenye volti 230. Usipitishe nyaya za umeme ndani ya meza ambayo watoto wanaiegemea. Kazi ya soketi mwachie fundi umeme. Kwa kijana anayetaka kujifunza fani hiyo, chuo cha VETA Chang'ombe, wilayani Temeke, kinafundisha.